Chui wa theluji ahesabiwe kwa safu ya milima, si kwa bendera

Januari 2024 India ilitangaza kwamba inao chui wa theluji 718. Bhutan ilikuwa imekwisha kutoa tarakimu yake, 134, kutoka 96 waliokadiriwa mwaka 2016. Mongolia inao 953, na mwaka 2025 Nepal ikasema wake ni 397. Nyuma ya kila tarakimu wapo watu waliopanda majabali katika baridi kali, wakafunga kamera za mtego na kuokota vinyesi kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, na kazi yao naiheshimu sana. Hata hivyo nashikilia kwamba namna tunavyozikusanya hesabu hizo, nchi kwa nchi, inadhoofisha juhudi za kumlinda mnyama huyu. Ushirikiano wa kuvuka mipaka umejengwa juu ya mafungu ya kitaifa: kila serikali na chui wake, kila serikali na mpango wake, kisha mawaziri wakakutana kubadilishana taarifa. Ninachotaka mimi ni safu moja ya milima ihesabiwe kwa pamoja, na timu moja, kwa njia moja, hata kama inakatwa na mipaka mitatu. Halafu fedha, chanjo za mifugo na doria ziifuate safu hiyo hiyo.

Ramani yenyewe inatoa sababu ya kwanza. Chui wa theluji anaishi katika nchi 12: Afghanistan, Bhutan, China, India, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Mongolia, Nepal, Pakistan, Tajikistan, Urusi na Uzbekistan. China peke yake ina takriban asilimia 60 ya makazi yake. Katika Himalaya hukaa juu ya mahali miti inapokomea, mara nyingi zaidi ya meta 3,000 kutoka usawa wa bahari. Walioichora mipaka mingi ya huko, Waingereza na Warusi wa karne ya 19 wakiwa mbele, walipenda kuipitisha juu ya migongo ya milima, pale maji yanapogawana njia. Mstari wa Durand wa 1893, kati ya Afghanistan na iliyokuwa India ya Waingereza, ulichorwa hivyo kwa sehemu kubwa. Miaka miwili baadaye ukanda mwembamba wa Wakhan uliwekwa ili himaya hizo mbili zisigusane. Watawala wa wakati huo waliiona migongo hiyo kuwa ukingo mtupu wa nchi zao, na huko ndiko chui alikokuwa akiishi. Inakadiriwa kwamba hadi theluthi moja ya makazi yake iko ndani ya kilomita 50 hadi 100 kutoka mpaka wa kimataifa.

Sababu ya pili ni maisha ya mnyama mwenyewe. Mlima mkavu hauoteshi malisho mengi, hivyo mbuzi mwitu waitwao ibeksi, kondoo mwitu wakubwa waitwao argali na bharali wa Himalaya hutawanyika sana, na mla nyama anayewategemea hana budi kutawanyika zaidi yao. Katika milima ya Tost, kusini mwa Mongolia, chui waliovishwa kola za satelaiti walionyesha kwamba dume mmoja hutumia takriban kilomita za mraba 200 na jike zaidi ya 120. Utafiti huo wa mwaka 2016 ulibaini pia kwamba asilimia 40 ya hifadhi zilizomo katika eneo lote la chui huyu ni ndogo kuliko nafasi anayoihitaji dume mmoja tu. Hifadhi ya ukubwa huo haiwezi kutunza kizazi kinachojitegemea, hata ikiwa na askari hodari na sheria kali. Kinachoiokoa ni wageni. Jike huzaa watoto wawili au watatu, hukaa nao hadi karibu miaka miwili, kisha madume wachanga huondoka, huvuka mabonde na nyika kutafuta mahali ambapo hapana dume mwenye nguvu. Safari hizo ndizo zinazounganisha vikundi vidogo vidogo kuwa jamii moja yenye damu mchanganyiko.

Hapo ndipo hesabu ya kitaifa inapoficha ukweli. Chukulia bonde moja upande wa pili wa mpaka ambalo limejaa mitego ya waya na wafugaji wenye hasira. Vijana wanaotoka upande unaolindwa vizuri huingia humo na hawarudi. Nchi inayolinda huona idadi yake imesimama mwaka hadi mwaka, huongeza askari, huongeza bajeti, na bado haioni mabadiliko, kwa sababu vifo vinatokea mahali ambapo takwimu zake hazifiki. Nchi ya pili nayo huendelea kuona chui wapya kwenye kamera zake na kuamini mambo ni shwari. Kila upande ukiisoma ripoti yake peke yake, hakuna atakayejua kwamba bonde lile linawameza chui wa mlima mzima.

Upo pia uwezekano wa kumhesabu mnyama mmoja mara mbili. Chui wa theluji hutambuliwa kwa mpangilio wa madoa, na madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililotumia picha za chui 16 wanaofugwa katika bustani za wanyama za Ulaya, kila mmoja akijulikana bila shaka. Watambuzi walikosea takriban mara moja katika kila nane, na makosa hayo yalipoingizwa katika fomula za sensa yakavimbisha idadi kwa zaidi ya theluthi. Ilikuwa rahisi zaidi kumgawa mnyama mmoja kuwa wawili kuliko kuwaunganisha wawili kuwa mmoja. Sasa weka mpaka katikati. Mwaka 2013 dume mmoja alivishwa kola katika hifadhi ya Kangchenjunga, mashariki mwa Nepal, na satelaiti ikaonyesha kwamba sehemu ya eneo lake iko India. Mnyama wa aina hiyo asiye na kola, akipigwa picha katika nchi mbili zenye maktaba mbili za picha zisizokutanishwa, anaingia katika tarakimu za nchi zote mbili, na hakuna mtu aliyedanganya.

Serikali hazikulala, na itakuwa dhuluma kusema hivyo. Oktoba 2013 nchi zote 12 zilikutana Bishkek, mji mkuu wa Kyrgyzstan, zikapitisha tamko la kumlinda chui wa theluji na mazingira yake, na kuweka lengo la kulinda mandhari 20 ifikapo 2020. India na Pakistan zilitia mkono katika waraka mmoja. Mwaka 2017 zikarudi Bishkek, na kutoka hapo ikaanza kazi ya kuhesabu chui wa dunia kwa kanuni za pamoja za kitakwimu. Ninayaona hayo kuwa mafanikio makubwa, na sekretarieti ndogo iliyoko Bishkek inastahili msaada zaidi ya inaoupata. Kasoro iko katika muundo: mandhari zile ziliteuliwa na kila nchi ndani ya mipaka yake, na mipango ya kuzisimamia ikaandikwa hivyo hivyo. Sheria za kimataifa nazo zina pengo. CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, imepiga marufuku biashara ya kimataifa ya chui huyu tangu 1975, lakini inahusu biashara tu. Mkataba wa wanyama wanaohama, ambao ndio ungezilazimisha nchi kulinda njia zao, haujaridhiwa na China wala Urusi. Zaidi ya nusu ya makazi iko nje ya mkataba ambao ungefaa kuliko yote.

Ngozi, seng'enge na tarakimu

Watu wengi wakisikia habari za ujangili wa chui wa theluji huwaza ngozi na mifupa sokoni. Biashara hiyo ipo na ni mbaya. Lakini ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2016, iliyokadiria kwamba chui kati ya 221 na 450 waliuawa kila mwaka tangu 2008, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu waliuawa kwa kisasi, baada ya kula mifugo. Takriban mmoja katika watano aliuawa kwa ajili ya kuuzwa, na wengine wengi walinaswa na mitego iliyotegewa wanyama wengine. Anayeongoza kwa kuua, basi, ni mfugaji aliyeamka asubuhi akakuta zizi limejaa mizoga. Chui akiingia usiku katika zizi lisilo na paa, mbuzi na kondoo hukimbia ovyo ndani bila pa kutokea, naye huendelea kurarua kila kinachotikisika mbele yake, mara nyingine wanyama makumi kwa usiku mmoja. Kwa familia ya Ladakh nchini India au Gorno-Badakhshan nchini Tajikistan, hayo ni mapato ya miaka.

Dawa ya tatizo hili inajulikana na haina gharama kubwa: zizi lenye paa la wavu wa chuma, mlango unaofunga sawasawa, na bima. Nasisitiza bima badala ya fidia ya serikali, ile ambayo Tanzania tunaiita kifuta jasho, kwa sababu fidia inayopitia ngazi nyingi za ofisi hufika wakati sumu imekwisha kutegwa. Huko Baltistan, kaskazini mwa Pakistan, Shafqat Hussain alianzisha mwaka 1999 mpango wa bima ambao wanakijiji wenyewe huuchangia kwa kila mbuzi, na mapato ya utalii huongezea. Wanaokagua hasara ni wanakijiji wenyewe, nao si rahisi kudanganyana, kwa kuwa fedha ni zao. Mipango ya namna hiyo imeenea katika nchi kadhaa, lakini inakomea mpakani. Chui akila mbuzi wa upande wenye bima analipiwa. Akivuka mgongo wa mlima na kula wa upande usio na bima, anategewa sumu. Bima ya nusu mlima inamlinda chui kwa nusu ya mwaka.

Yapo pia maoni, nimeyasikia hata kwa wanaikolojia wenzangu, kwamba mipaka yenye wanajeshi ni hifadhi za bure, kwa kuwa jangili haingii. Kuna ukweli kidogo hapo, hasa katika maeneo ambayo Sovieti iliyafunga kwa miongo. Lakini jeshi huja na barabara, na barabara huja na jalala. Huko Ladakh mbwa wasio na wenyewe wameongezeka kuzunguka kambi na vijiji, na sasa wanakimbiza wanyamapori na kuua mifugo ambayo lawama yake humwangukia chui. Kisha kuna uzio. Makala ya kisayansi ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba mipaka ya Ulaya na Asia imezungushiwa waya wa kilomita kati ya 25,000 na 30,000, sehemu kubwa ikiwa Asia ya Kati. Chui mwenyewe anaweza kuupita uzio mahali pengi. Argali hawezi, na chui humfuata argali. Seng'enge ikikata njia ya kondoo mwitu kati ya malisho ya kiangazi na ya baridi, upande mmoja hubaki na chui wenye njaa karibu na mazizi.

Na lipo suala la mwaka 2017, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipomwondoa chui wa theluji katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kumweka ngazi moja chini ya hapo. Magazeti mengi yaliandika kwamba ameongezeka. Hakuongezeka. Ngazi ya juu ilihitaji wawepo wanyama waliokomaa wasiofika 2,500 na kupungua kwa kasi fulani. Makadirio mapya yakaonyesha kati ya 2,710 na 3,386, huku wakiendelea kupungua. Tofauti kati ya 2,500 na 2,710, katika eneo ambalo sehemu yake kubwa haijawahi kufanyiwa utafiti wa kina, haimpi mwanasayansi yeyote usingizi mzuri. Ndiyo maana ubora wa hesabu unanikera kiasi hiki: uamuzi wa dunia nzima unategemea tofauti ya chui mia mbili.

Sotoka, na somo kutoka Meru

Ninalolihofia kuliko uzio ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huu. Tanzania ulithibitishwa mwaka 2008, baada ya kuwa umeshaingia Kenya. Mongolia uliingia katika mifugo mwaka 2016, na mwanzoni mwa 2017 ukawapata swala saiga. Zaidi ya nusu ya saiga wa nchi hiyo walikufa, na ibeksi na argali wakaanza kuokotwa wakiwa mizoga. Ibeksi ndiye chakula kikuu cha chui katika milima hiyo. Mbuzi wa kufugwa na ibeksi hunywa chemchemi moja na hulamba chumvi kwenye mwamba mmoja, na virusi hupita kwa pumzi na kwa majimaji ya pua na macho. Mahitaji ya sufu laini ya kashmiri yamesukuma idadi ya mbuzi wa Mongolia juu sana, hivyo mahali pa kukutana pameongezeka. Ibeksi wakifa, chui hugeukia mbuzi wa mfugaji, naye mfugaji humgeukia chui. Kundi lisilochanjwa upande mmoja wa mpaka linaweza kuishia kuwa chui aliyeuawa upande mwingine, na hakuna ripoti ya kitaifa itakayounganisha matukio hayo mawili.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo la kuwaambia wenzetu wa Asia, kwa sababu tumelifanya. Sotoka ya ng'ombe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na mara ya mwisho ilithibitishwa kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Ngome yake ya mwisho ilikuwa malisho ya Wasomali yanayovuka Kenya, Ethiopia na Somalia. Ulipangwa mpango mmoja kwa ajili ya ukanda huo mzima, wenye ufuatiliaji wa pamoja wa mifugo na wanyamapori, ijapokuwa wakati huo Somalia haikuwa na serikali yenye nguvu. Mashirika ya dunia ya chakula na ya afya ya wanyama yamelenga kuitokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo pia ifikapo 2030. Safu za Pamir, Tien Shan na Altai zingepaswa kuwa katika kalenda za chanjo zinazofuata milima, wiki ile ile pande zote mbili, kabla mifugo haijapandishwa kwenye malisho ya kiangazi.

Ushahidi wangu mwingine uko karibu zaidi na nyumbani, katika milima ya Virunga. Tangu 1991 kuna mpango wa pamoja wa kuhifadhi sokwe wa milimani katika Rwanda, Uganda na ile iliyokuwa Zaire. Vita vilipita katikati yake, serikali zikagombana, na bado askari wa hifadhi waliendelea kuwasiliana. Sensa hufanywa na timu zilizochanganyika, wakitembea msitu mzima bila kujali bendera, na matokeo hutolewa kama tarakimu moja ya safu nzima: 604 katika sensa ya 2015 na 2016, kutoka takriban 250 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkataba wa nchi hizo tatu ulitiwa saini mwaka 2015. Zingatia mfuatano huo: kazi ilitangulia kwa zaidi ya miaka ishirini, mkataba ukaja kuidhinisha kilichokwisha kuzoeleka. Najua msitu wa Virunga ni kilomita za mraba mia nne na kitu tu, na makazi ya chui wa theluji yanazidi milioni moja. Kwa sababu hiyo sipendekezi kuanza na nchi 12 kwa pamoja. Ianzwe na safu moja, kisha nyingine.

Kwa safu hiyo moja ningetaka maktaba moja ya picha, yenye sheria kwamba kila ubavu wa kila chui unalinganishwa kabla tarakimu haijatangazwa. Maktaba hiyo itasaidia pia polisi na forodha, kwa kuwa ngozi iliyokamatwa hubeba madoa yaleyale yaliyopigwa picha mlimani, na inaweza kueleza ilikotoka. Ningetaka walinzi wa mpaka wafundishwe kuandika nyayo na mizoga wanayokutana nayo, maana wao hufika mahali ambapo mtafiti hupewa kibali mara moja kwa miaka kadhaa. Ningetaka waya wa chini kwenye uzio upandishwe, au uzio ufunguliwe, katika vivuko ambavyo argali wanajulikana kuvitumia. Majeshi hayatapoteza chochote kwa hilo. Bima ya mifugo iwe na mfuko mmoja wa safu nzima, na kila upande ulipwe kwa kanuni moja.

Mahali pa kuanzia papo. Kyrgyzstan na Tajikistan, ambazo wananchi wake waliuana mpakani mwaka 2021 na tena 2022, zilitia saini Machi 2025 makubaliano yaliyomaliza mgogoro wao wa mpaka. Sehemu ya mpaka huo hupita juu ya safu ya ng'ambo ya Alay, kaskazini mwa Pamir, ambako chui wa theluji na argali wanaishi pande zote mbili. Bishkek, yenye sekretarieti ya nchi 12, ni mji mkuu wa mmoja wa majirani hao. Upande wa Tajikistan tayari una hifadhi kubwa ya taifa ya Pamir, iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2013. Kinachohitajika sasa ni kiambatisho cha kurasa chache kwenye makubaliano hayo: kinachowaruhusu wahifadhi na madaktari wa mifugo wa nchi mbili kuvuka mgongo wa mlima wakiwa na kamera, kola na chanjo, na kinachotaja ofisa mmoja kila upande atakayepokea simu yao. Njia za juu hufunguka theluji inapoyeyuka, na kibali kikichelewa hadi Septemba, msimu wa kazi umekwisha.